Sifa tunazo, pesa hatuna: tuhame, tugeuke au tubaki?

Swali hili limetoka kwa kijana wa Jang'ombe, Unguja. Nimelifupisha kidogo:

"Asalaam aleikum mwalimu. Sisi ni watu watano, bendi yetu ina gitaa mbili, besi, dramu na udi. Nyimbo tunatunga wenyewe, kwa Kiswahili. Tumepiga Ngome Kongwe, na waandishi wawili wa Ulaya wametuandika vizuri sana. Mmoja alisema tunamkumbusha bendi ya Australia iitwayo The Go-Betweens. Lakini hapa mjini hatujulikani, na hata mazoezi tunachangishana. Mwenzetu mmoja anataka tuhamie Ulaya, mwengine Dar es Salaam, wa tatu anasema tupige mahotelini na harusini kama wenzetu. Hao The Go-Betweens ni kina nani, na waliishia wapi? Na sifa hizi zinatufikisha wapi?"

Waaleikum salaam, mwanangu. Bendi aliyokutajia huyo mwandishi ina kisa kinachofanana na chenu kuliko mnavyodhani, na kwa kuwa nimeisikiliza miaka mingi, niruhusu nikusimulie kwa kirefu kabla sijafika Jang'ombe. Lakini usisome roho juu. Jibu langu ni hili: msihame kwa sasa, msivunje bendi, na kabla ya onyesho lijalo kaeni kitako muandikiane nani ana fungu gani katika kila wimbo.

Brisbane ni mji mkuu wa jimbo la Queensland, na miaka ya 1970 hakuna aliyeutaja kwa muziki. Lebo, yaani kampuni za kurekodi na kuuza muziki, magazeti na kumbi kubwa zilikuwa Sydney na Melbourne. Jimbo lilikuwa mkononi mwa Joh Bjelke-Petersen, aliyeliongoza kuanzia 1968 hadi 1987, na mwaka 1977 serikali yake ilipiga marufuku maandamano ya barabarani. Vijana wa muziki nao polisi hawakuwaacha wapumue. Mwaka huohuo wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Queensland, Robert Forster na Grant McLennan, wakaamua kuunda bendi. McLennan hakuwa akipiga ala yoyote. Alikuwa mtu wa filamu na vitabu. Forster akamfundisha besi. Urafiki ulitangulia, ufundi ukafuata, na naamini hiyo ndiyo sababu nyimbo zao hazikuchakaa.

Santuri yao ya kwanza ilitoka 1978 kwenye lebo ndogo ya hapohapo mjini, nakala mia chache tu. Baadaye wakapita Scotland kurekodi na lebo ya Postcard, akajiunga Lindy Morrison kwenye dramu, na mwaka 1982 wakahamia London. Huko London, McLennan, akitumia gitaa la Nick Cave, mwanamuziki mwenzao wa Australia, alitunga wimbo juu ya utoto wake Queensland: treni, mashamba ya miwa, mvulana anayerudi nyumbani. Unaitwa Cattle and Cane, umo katika albamu ya 1983, Before Hollywood. Utafute, na mpe mpiga dramu wenu ausikilize peke yake kwanza. Mapigo yake hayaendi nne kwa nne kama tulivyozoea. Yanapitiliza, halafu yanarudi, na bado wimbo unatembea kama mtu asiye na haraka. Mwaka 2001 chama cha haki za watunzi cha Australia, APRA, kiliutaja miongoni mwa nyimbo 30 bora za nchi hiyo.

Lakini huo ni mwaka 2001. Mwaka 1983 wimbo huo haukuwalipia kodi ya chumba.

Kati ya miaka ya mwanzo ya 1980 na 1988 walitoa albamu sita, na ndani ya muda huo mfupi walipita Rough Trade, wakaenda Sire, kisha Beggars Banquet. Kila walipohama lebo walianza upya kujieleza kwa watu wapya, na kila mkataba mpya ulikuja na matarajio kwamba safari hii watavuma. Waandishi wa muziki waliwasifu kwa moyo wote. Mwishoni mwa 1987 wakarudi Australia, wakarekodi 16 Lovers Lane mjini Sydney, albamu ambayo wengi wanaiona bora kuliko zote, na mimi ni mmoja wao. Wimbo wake uliopigwa sana redioni haukufika hata 40 bora, si Uingereza wala kwao. Desemba 1989 bendi ikavunjika, watu wakiwa wamechoka, mifuko mitupu, na kazi yao ikiwa katika kilele.

Forster na McLennan wakaendelea kila mmoja kivyake kwa miaka kumi. Mwaka 2000 wakarudi pamoja, wakarekodi tena, na albamu yao ya 2005, Oceans Apart, ikawapa tuzo ya ARIA, tuzo kubwa ya muziki ya Australia. Kutoka 1977 hadi tuzo hiyo ni miaka 28. Tarehe 6 Mei 2006 McLennan akafariki usingizini nyumbani kwake Brisbane, akiwa na umri wa miaka 48. Mwaka 2010 Brisbane ikafungua daraja jipya juu ya mto wake na kuliita kwa jina la bendi yao.

Mashabiki wengi hukisimulia kisa hiki kama dhuluma: dunia haikuwaelewa. Mimi sikubali. Ukikitazama kwa jicho la mtu anayeendesha bendi, utaona mambo mawili ya kawaida kabisa, na yote mawili yanawahusu nyinyi.

La kwanza ni hesabu ya wasikilizaji. Mchambuzi wa muziki anaandikia watu wanaosoma uchambuzi, na watu hao ni wachache, tena wametawanyika. Akikusifu, unapata shabiki mmoja Hamburg, wawili Paris, mmoja Osaka. Wote wanakupenda kwelikweli, lakini ili uwaimbie lazima uwafuate, na kumfuata kila mmoja kuna nauli, viza, pahala pa kulala na chakula cha watu watano. Watu mia tatu walio Unguja nzima, wanaoweza kuja kwa daladala, wana thamani kubwa kwa bendi changa kuliko watu elfu tatu walioenea dunia nzima. Sifa za mbali zinakuwa na faida pale tu panapokuwa na mtu wa kulipa gharama za umbali. Ndiyo maana matamasha yana umuhimu mkubwa, na ndiyo maana kuyategemea peke yake ni hatari. Sauti za Busara, tamasha letu la hapa Unguja lililoanza 2004 na kuwafikisha wengi wetu kwenye masikio ya dunia, mwaka 2016 haikufanyika kwa kukosa fedha. Bendi iliyokuwa imeupanga mwaka wake wote kwa usiku mmoja wa Februari ilibaki mikono mitupu.

La pili ni kwamba walihama kabla mji wao haujawajua. Siwalaumu, Brisbane ya wakati ule ilikuwa inawafukuza vijana wake. Lakini angalia: wimbo uliowabeba miaka yote ni ule unaozungumzia nyumbani. Walikwenda London wakawa wanaiimbia Queensland, na Queensland haikuwa inasikiliza.

Sasa turudi kwetu, maana sisi tuna historia ambayo hao jamaa hawakuwa nayo, na nasikitika kuona vijana wa gitaa wanapita Kokoni na Vuga, zilipo nyumba za vyama vya taarab, kila siku bila kujua kwamba majibu yao yamo humo.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, akauza vyungu, akahamia mjini. Mwaka 1928 yeye na wenzake walikwenda Bombay kurekodi santuri, na santuri zile zikauzika pwani nzima. Alisafiri mbali, naam, lakini alikwenda kurekodi kisha akarudi, na wanunuzi wake walikuwa huku. Aliwaimbia mambo ya mji wao: kesi zilizoamuliwa vibaya, mwanamke aliyedhulumiwa, mkubwa aliyekula cha watu. Kwa Kiswahili, katika taarab, muziki ambao kabla yake uliimbwa barazani mwa masultani kwa Kiarabu. Mtu wa Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, alisikia jambo lake mwenyewe likiimbwa, akatoa pesa. Jiulizeni, katika nyimbo zenu zote, upo hata mmoja ambao mama wa Jang'ombe akiusikia atasema "huyu ananisema mimi"? Sijazisikia, kwa hiyo sihukumu. Nauliza tu, na ningependa mlijibu mkiwa mmekaa wote watano.

Bi Kidude naye. Dunia ilimpa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki, mwaka 2005, akiwa bibi mzee, na ilipofika siku ya mauti yake, 17 Aprili 2013, habari zilienea mpaka nchi ambazo hazijui Unguja iko wapi. Lakini kabla ya hapo, kwa miongo mingi, alikuwa na kazi yake hapahapa: unyago, msondo, ngoma za harusi, dawa za miti shamba. Tuzo ilimkuta akiwa na mji nyuma yake. Haikuwa tuzo iliyomwanzisha.

Na vyama vyetu vya taarab ndivyo ninavyotaka mvisome kwa makini zaidi. Ikhwani Safaa ilianzishwa 1905. Imezika waasisi wake wote na bado ipo. Culture Musical Club ina mizizi ya 1958, ikatoa albamu zilizochapishwa na lebo za Ulaya, kama ile ya 1996, Spices of Zanzibar, iliyotoka Ujerumani, na wakapiga kwenye kumbi ambazo The Go-Betweens wangezionea wivu. Waandishi wa nje waliwasifu na wanaendelea kuwasifu. Kwa nini hawakuvunjika kama bendi nyingi zilizosifiwa? Kwa sababu ni vyama. Chama kina nyumba ya mazoezi. Kina uongozi. Mpiga fidla akihama au akifariki, yupo kijana aliyekaa nyuma yake miaka mitatu akijifunza, na nyimbo zinabaki za chama. The Go-Betweens walikuwa urafiki wa watu wawili, na urafiki ukichoka hakuna cha kuushika. Kwangu mimi hapo ndipo Unguja inapoishinda Brisbane, na nashangaa hatujivunii.

Nyinyi si lazima muwe orkestra ya watu thelathini. Lakini jiendesheni kama chama. Muwe na mweka hazina asiyekuwa mwimbaji. Pesa ya kila onyesho igawanywe mafungu sita, watu watano na bendi yenyewe, na fungu la bendi lisiguswe isipokuwa kwa ala na studio. Na mchukue kijana wa skuli anayependa besi, mkae naye kwenye mazoezi.

Nakuja kwenye hoja ya wenzako watatu.

Anayetaka Ulaya: mwambie Ulaya itakuja yenyewe ikiwa kuna kitu cha kuja kukiona. Mkialikwa, nendeni, mkiwa mmelipiwa tiketi ya kwenda na kurudi na makubaliano yapo kwenye karatasi. Kuhama ni jambo jengine kabisa.

Anayetaka Dar es Salaam ana hoja nzito zaidi, kwani vituo vya redio na televisheni, mameneja na studio nyingi ziko huko, na wanamuziki wengi wa taarab ya kisasa waliotoka hapa wamekwenda kufanikiwa huko. Lakini walikwenda na muziki ambao tayari una njia yake ya kulipwa. Umewahi kuangalia kwa makini watu wanavyotuza kwenye taarab? Mwimbaji yuko kwenye ubeti unaochoma. Mwanamke anainuka mezani, hana haraka, anacheza taratibu mpaka mbele, noti ameikunja katikati ya vidole viwili ameinua mkono ili kila mtu aione, na anapofika anaiweka mkononi mwa mwimbaji huku akimtazama mtu mwengine kabisa ukumbini. Amelipia ubeti ule kwa sababu umemsemea neno lake. Mshororo mmoja ukigusa, wanapanga foleni. Kwenye maonyesho ya bendi kama yenu watu wanakaa, wanasikiliza, wanapiga makofi, wanakwenda nyumbani. Ni heshima, lakini hapana mkono uliotoka mfukoni. Mkienda Dar bila kulitatua hili mtakuwa bendi isiyojulikana katika mji mkubwa zaidi na wenye kodi kubwa zaidi. Pale Unguja mtu akikosa onyesho lenu Ijumaa, Jumamosi anakutana na nyinyi Darajani.

Anayetaka hoteli na harusi hakosei, na msimdharau. Usiku mmoja au mbili kwa wiki huko Paje au Nungwi kunaweza kulipia studio na nyaya za gitaa, na vidole vinabaki na mazoezi. Masharti yangu ni mawili. Mkipiga hotelini tumieni jina jengine, ili jina la bendi lisije likajulikana kwa nyimbo za kuwakaribishia watalii. Na udi wenu usigeuzwe pambo la picha. Mpiga udi awe na sehemu yake halisi kwenye kila wimbo, au apumzike kwenye wimbo usiomhitaji. Wageni wanajua kutofautisha, na sisi wenyeji tunajua zaidi. Kama anataka kuimarika, Dhow Countries Music Academy imekuwa ikifundisha udi, kanuni (ile ala ya nyuzi) na fidla tangu 2002, na wapo walimu wa vyama vyetu ambao mlango wao uko wazi kwa kijana mwenye adabu.

Sasa karatasi. Hili ndilo ninalolihofia zaidi kwenu, kwa sababu barua yako ina watu watano na mawazo matatu, na haina neno hata moja kuhusu nani mwenye nyimbo.

Kila wimbo uliorekodiwa una haki mbili. Ipo haki ya utunzi, yaani maneno na muziki wenyewe, hata kama haujawahi kurekodiwa. Na ipo haki ya rekodi, ile sauti iliyonaswa studio siku fulani. Mwenye hii si lazima awe mwenye ile. Kama kuna mtu aliyewalipia studio, ulizeni leo, si siku wimbo utakapotakiwa kwenye filamu, yeye anaamini amenunua nini. Forster na McLennan walilimaliza la utunzi mapema: nyimbo nyingi zilibeba majina yao yote mawili, bila kujali nani aliuleta. Liliwasaidia wao wawili wasigombane. Lakini bendi ilikuwa na watu wengine, waliojenga sauti ile kwa mikono yao, na inafaa kujua kwamba Lindy Morrison, mpiga dramu, baadaye alifanya kazi kwa miaka mingi katika Support Act, taasisi ya Australia inayowasaidia wanamuziki waliokwama kimaisha. Anajua bendi inavyowaacha watu.

Taarab ina desturi nzuri hapa: hutajwa mtunzi wa shairi, akatajwa mtunzi wa muziki, akatajwa mwimbaji, kila mmoja kwa jina lake. Ichukueni desturi hiyo, muongeze kidogo. Pendekezo langu kwa bendi yenu: nusu ya wimbo iwe ya aliyeandika maneno na sauti ya kuimbia, nusu nyengine igawanywe sawa kwa wote watano, kwa kuwa kwenye muziki wenu dramu na besi zinatunga pia. Mnaweza kukubaliana vyengine, hiari yenu, muhimu iwe imeandikwa, ina tarehe, na wote mmetia saini. Kisha kasajilini nyimbo COSOZA, taasisi ya hakimiliki ya Zanzibar. Usichanganye na COSOTA, hiyo ni ya Bara. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki, ya mwaka 2003. Na kama hamjajisajili BASSFU, yaani Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, kama wasanii, malizeni hilo pia, kwa sababu siku mtakapoomba kibali cha onyesho lenu wenyewe mtaulizwa.

Zile makala mbili za Ulaya mlizosifiwa, msizitumie kwa watu wa mjini. Hapa hapana anayenunua tiketi kwa sababu mgeni amesema. Zitumieni kwa wanaozielewa: matamasha, wafadhili, vituo vya utamaduni vya balozi. Andikeni ukurasa mmoja, wenye sentensi mbili kutoka makala hizo, picha moja nzuri, nyimbo tatu za kusikiliza na namba ya simu ya mweka hazina. Mtu anayepanga tamasha anasoma mamia ya maombi; barua ndefu haisomi.

Na onyesho lijalo lifanyeni Jang'ombe kwenyewe, baada ya Isha, kiingilio kidogo ambacho hata kijana wa bodaboda anakimudu. Nyimbo nane, si kumi na tano. Mbili kati yake ziwe mpya, za mambo ya mtaa wenu. Mwezi unaofuata rudieni palepale, siku ileile, saa ileile, na mwezi wa tatu pia, hata kama mara ya kwanza watakuja watu ishirini na nusu yao ni ndugu zenu. Ikifika mara ya nne, niandikie uniambie wangapi walirudi bila kualikwa, na unitumie hizo nyimbo mbili.